Mji Unaokula Jangwa Lake

Mara ya kwanza kunusa moshi wa Tucson nilifikiri nimerudi Marigat, kwetu Baringo, Kenya. Ilikuwa magharibi, jua limeshazama nyuma ya milima, na jamaa mmoja alikuwa anachoma nyama kando ya barabara. Ule moshi wenye utamu kidogo ukaniingia puani, nikasimama. Nikamuuliza ni kuni gani. "Mesquite," akanijibu, kwa fahari ya mtu anayekutajia jina la babu yake. Nikaokota kijiti kwenye rundo: miiba miwili miwili kila kifundo, gome la kahawia lililopasukapasuka. Nikacheka peke yangu. Mathenge!

Si mathenge hasa, ni ndugu yake wa karibu. Ule wetu ni Prosopis juliflora, ulioletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili uzuie jangwa na utupatie kuni. Ukageuka balaa. Ulifunga malisho, mbuzi wakala maganda yake matamu hadi meno yakaoza, na wananchi wakaishia kuipeleka serikali mahakamani. Huu wa Tucson ni Prosopis velutina, na haukuletwa na mtu, ndiko kwao. Mimi kazi yangu ni mimea ya nchi kame, kwa hiyo mgeni akiniomba nimtembeze mjini hapa namwongoza kwa mimea. Unachokipita njiani alfajiri ndicho utakachokikuta mezani mchana, na hata majengo ya kale yana mkono wa mimea humo.

Tucson iko kusini mwa jimbo la Arizona, Marekani, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka mpaka wa Mexico. Mvua yake haifiki milimita 300 kwa mwaka. Sisi wa Marigat tunaojiita watu wa ukame tunapata karibu mara mbili ya hiyo. Ila hapa mvua huja kwa vipindi viwili: manyunyu ya taratibu wakati wa baridi, halafu ngurumo na mafuriko kuanzia Julai hadi Septemba. Ndiyo maana anayekuja akitarajia ngamia na vilima vya mchanga hupigwa na butwaa. Hili ni jangwa lenye msitu wa miiba.

Anzia Tumamoc. Ni kilima magharibi tu ya katikati ya mji, na jina lake ni la Waoʼodham, wenyeji wa hapa tangu kale. Linamtaja mjusi mwenye pembe. Njia ni ya lami, kilomita 2.4 za kupanda bila huruma, na hufunguliwa saa kumi alfajiri. Wakati wa joto saa hiyo ndiyo saa ya maana. Utapishana na wauguzi waliotoka zamu, bibi na wajukuu, na watu wanaopanda huku wanasali rozari. Wengi hupita majengo ya mawe katikati ya kilima bila kugeuza shingo. Mimi huyaamkia. Hapo ndipo Carnegie Institution, taasisi ya utafiti wa sayansi, ilipoanzisha maabara ya jangwa mwaka 1903, na mwaka 1906 wataalamu wakapima vipande vya ardhi, wakaanza kuhesabu mmea mmoja mmoja. Vipande hivyo vingali vinahesabiwa. Kwa mtu wa fani yangu, kupanda Tumamoc ni kama kuhiji.

Hapo pia ndipo pa kuwafahamu saguaro, wale kakati warefu wenye mikono unaowaona kwenye kila picha ya Arizona. Mikono hiyo huanza kuota mmea ukiwa na miaka 50 hadi 75, na kwingine zaidi. Wageni hupiga picha na wazee. Mimi nawaambia wapige magoti chini ya mti wa paloverde au mesquite, watafute watoto. Utaona kitu kama mpira wa tenisi wenye miiba, kimejificha kivulini. Huenda kina miaka kumi na kitu. Bila mti wa kukilea kwa kivuli, kingekufa kwa jua au kwa jalidi kabla ya kufika popote. Cha kusikitisha ni kwamba saguaro akikua, hunyonya maji ya mlezi wake, na mara nyingi mlezi ndiye hufa kwanza. Kuna familia za namna hiyo.

Huko njiani mwogope cholla. Ni kakati mdogo mwenye manyoya ya dhahabu ambayo kwa mbali yanaonekana laini, na vipande vyake hung'oka ukivigusa kidogo tu. Mwezi wangu wa kwanza, kwenye milima ya Tucson, kipande kiliniganda kwenye shavu la mguu. Msomi mzima, nikakishika kwa mkono. Sasa nikawa nimefungwa mkono na mguu kwa miiba ileile, nimeinama kama nafunga kiatu, watu wanapita. Mzee mmoja akatoa chanuo mfukoni, akakipitisha kati ya ngozi na kipande, akakirusha kwa mtikiso mmoja. Tangu siku hiyo sitoki bila chanuo, na sina nywele.

Njia nyingine ni nyingi, sitazimaliza. Sabino Canyon ina maji yanayotiririka na madaraja madogo ya mawe yaliyojengwa miaka ya 1930, watoto wataipenda. Hifadhi ya Saguaro imegawanyika pande mbili za mji, na ukiwa na siku moja tu chagua ya magharibi jioni. Ila barabara ya kupanda Mount Lemmon usiikose. Ndani ya kilomita 43 hivi unatoka kwenye saguaro, unapita mialoni, unaingia kwenye misonobari, na kileleni, mita 2,791, unatafuta sweta wakati mjini watu wanaungua. Barabara hiyo ilijengwa na wafungwa, kuanzia miaka ya 1930 hadi 1950. Mmoja wao alikuwa Gordon Hirabayashi, kijana Mmarekani mwenye asili ya Japani aliyekataa amri za kuwazuia na kuwahamisha watu wa asili yake wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Serikali ilimhukumu lakini haikutaka kumlipia nauli ya kwenda kifungoni, akaomba lifti kutoka jimbo la Washington hadi hapa. Alipofika, karatasi zake hazikuonekana, akaambiwa arudi baadaye. Akaenda sinema, kisha akarudi kujisalimisha. Ilipokuwa kambi ile sasa ni mahali pa kupiga hema, na pana jina lake.

Mito ya hapa ni laga tupu, kama za kaskazini mwa Kenya. Mchanga mweupe mwaka mzima, halafu saa moja ya maji ya matope yanayobeba magogo. Kingo zake ndizo zimetengenezwa kuwa njia ya baiskeli inayouzunguka mji, zaidi ya kilomita 200. Na kuna sheria ambayo wenyeji huiita ya dereva mpumbavu: ukikizunguka kizuizi ukaingia majini, gharama ya kukuokoa utadaiwa wewe. Ningependa itungwe nyingine kama hiyo kwetu.

Kwenye majengo, nenda kwanza San Xavier del Bac, kanisa jeupe kusini mwa mji, kwenye ardhi ya Watohono Oʼodham. Lilijengwa kati ya 1783 na 1797, na mnara wake mmoja haujamalizwa hadi leo. Ukitoka ibadani utakuta akina mama chini ya vibanda vilivyoezekwa kwa fito, wanakaanga mkate bapa mpana kama sinia. Ni andazi lililotandazwa, hakuna namna nyingine ya kulieleza, na hupakwa asali au maharage na pilipili. Nalipenda, lakini niseme ukweli: si chakula cha mababu. Kilizaliwa na unga na mafuta ya mgao wa serikali, baada ya watu kupokonywa ardhi na maji. Jamii hii imeumizwa sana na kisukari, na ndiyo sababu wengi wanarudia maharage ya tepary, madogo, yanayokomaa kwa mvua za miezi miwili tu, pamoja na unga wa mesquite, ambao sukari yake huingia mwilini polepole.

Mjini kati, Hotel Congress ya mwaka 1919 ina kisa kinachosimuliwa kwa kila mgeni: moto wa Januari 1934 uliwatoa nje genge la John Dillinger, mwizi maarufu wa benki, wazima moto wakawatambua kutokana na picha za jarida, na siku chache baadaye wote wakawa rumande. Mimi huvutwa zaidi na El Tiradito, mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo. Ni ukuta wa matofali mabichi uliochakaa na mishumaa chini yake, mahali pa kumkumbuka mtu aliyeuawa kwa fumanizi katika karne ya 19, akazikwa palepale kama mwenye dhambi. Watu huwasha mshumaa usiku. Ukiwaka hadi asubuhi, ombi limekubaliwa. Mwaka 1971 kaburi hilo la mwenye dhambi liliingizwa kwenye orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria, na hilo likasaidia kuizuia barabara kuu iliyotaka kukifagia kilichobaki cha mtaa wa Wamexico. Sehemu kubwa ya mtaa huo ilikuwa imeshabomolewa. Katika nyumba zilizosalimika, weka kiganja ukutani saa tisa mchana: udongo bado wa baridi.

Basi tule. El Charro imekuwepo tangu 1922, na huambiwa ndiko chimichanga ilikozaliwa, chapati iliyofungwa nyama ikatumbukizwa kwenye mafuta moto. Usiagize hiyo. Agiza carne seca, na kabla ya kuingia inua macho juu ya paa: kuna tundu la waya lenye nyama iliyotandazwa, iliyokolezwa ndimu na kitunguu saumu, inakaushwa na jua lilelile lililokuchoma Tumamoc asubuhi. Anayejua nyirinyiri ataelewa haraka. Hotidogi ya Sonora, jimbo la Mexico lililo jirani, ni soseji iliyoviringishwa nyama ya nguruwe na kuzikwa ndani ya mkate laini, pamoja na maharage, nyanya, kitunguu na mayonezi. Smokie wetu na kachumbari yake ni mdogo wake maskini. El Güero Canelo ilipata tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya mapishi Marekani, mwaka 2018 kwa hiyo hiyo. Wazee wa hapa watakupeleka Lucky Wishbone, kuku wa kukaanga tangu 1953, na wataanza kusimulia walivyokuwa wakija na baba zao. Kuku ni wa kawaida. Hadithi ndizo tamu.

Mezani omba chiltepin. Ni pilipili mwitu, duara kama punje ya pilipili manga, inayoota kivulini mwa miti vilimani. Kwa ukali ni ukoo mmoja na pilipili kichaa.

UNESCO iliupa mji huu hadhi ya Mji wa Mapishi mwaka 2015, wa kwanza Marekani, na sababu haikuwa migahawa. Ni kwamba watu wamelima bondeni hapa kwa zaidi ya miaka 4,000.

Na mesquite? Wafugaji wa hapa nao huulalamikia, maana umeingilia nyasi zao, na mizizi yake iliwahi kukutwa mgodini karibu na mji ikiwa imeshuka mita 53. Huwezi kushindana na mti wa namna hiyo kwa panga. Lakini maganda yake husagwa. Huvunwa Juni, kabla ya mvua, kwa sababu yakishanyeshewa huota sumukuvu, ileile ya mahindi yetu. Kwenye foleni ya kinu kimoja nilisimama nyuma ya mama Mkongomani mwenye ndoo mbili. Mji huu umepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, Burundi na Somalia. Alinisikia nikiongea kwa simu, akageuka.

"Kaka, hii ni ya kukula kweli?"

"Ndiyo, mama. Kwetu tunaichoma makaa tu."

Akavunja ganda, akatafuna, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayepiga hesabu ya ndoo zilizobaki nyumbani. Nilipofika kwangu nikajaribu chapati, nusu ngano nusu mesquite. Zikaungua kabla ya kuiva, sukari ni nyingi mno. Uji ndio uliokubali: kijiko kimoja cha mesquite kwa vinne vya wimbi, na sukari usiguse.