Ruzuku ya mradi wa mwalimu maana yake nini?

Ukisikia shule imepata ruzuku, picha inayokuja haraka ni ile fedha inayotumwa kwa hesabu ya vichwa: wanafunzi kadhaa, mara kiasi fulani kwa kila mmoja, basi. Fedha hiyo haimuulizi mwalimu anawaza nini. Inanunua chaki, inalipia karatasi za mitihani, inatengeneza mlango uliong'oka, na mwakani inakuja tena vilevile. Ruzuku ya mradi wa mwalimu ni kitu kingine, ingawa jina la kwanza ni lilelile, na kufanana huko kwa majina kumewaponza walimu wengi wenye mawazo mazuri.

Kwa maneno ya kawaida, ni fedha ndogo isiyorejeshwa ambayo mwalimu, au walimu wachache walioungana, hupewa kwa kushindanishwa na wenzao ili wajaribu darasani jambo ambalo bajeti ya shule haina fungu lake. Mtoaji anaweza kuwa wakfu wa elimu, kampuni, chama cha walimu, serikali ya mtaa au wizara. Wazo linatoka kwa mwalimu. Hapo ndipo penye tofauti na miradi mingi ya elimu, ambapo wazo hupikwa juu, mwalimu akaitwa semina ya siku mbili, kisha akaambiwa atekeleze.

Kutorejeshwa hakuifanyi kuwa zawadi. Mwaka 2019 Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi kutoka Kenya, alipata dola milioni 1 za Global Teacher Prize, na fedha zile zilikuwa tuzo: alitambuliwa kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Ruzuku hutazama mbele. Unapewa kwa ajili ya kazi ambayo bado haijafanyika, kwa masharti yaliyoandikwa, na mwisho wake kuna taarifa ya kupeleka.

Neno linalosumbua zaidi ni ubunifu. Chukua walimu wawili wa biolojia walioomba ruzuku ileile. Wa kwanza kaandika: "Tunaomba hadubini kumi kwa kuwa shule yetu haina." Ni kweli tupu, na huenda hali inasikitisha, lakini hilo ni hitaji. Jibu lake linapaswa kutoka kwenye bajeti ya vifaa. Wa pili kaandika hivi: "Wanafunzi wangu wanataja sehemu zote za seli bila kukosea, lakini nikiwawekea tone la maji ya bwawani chini ya hadubini hawajui wanatazama nini. Nataka kila kundi lichunguze maji ya sehemu moja kwa wiki nane, lichore linachokiona kabla ya kufungua kitabu, kisha nilinganishe michoro ya wiki ya kwanza na ya mwisho. Nahitaji hadubini nne."

Huyu wa pili kaomba vifaa vichache zaidi, ila kaeleza tatizo alilolishuhudia mwenyewe, anachotaka kujaribu, na namna atakavyojua kama kimefaulu. Hiyo michoro ya wiki ya kwanza na ya mwisho ndiyo tathmini yake yote, na inatosha. Walimu wengi wakiona neno tathmini kwenye fomu huanza kunakili misamiati ya washauri wa miradi, na sauti ya darasa inapotea papo hapo.

Wala ubunifu si lazima uwe na umeme. Vishikwambi ishirini vilivyofungiwa kabatini kwa kuhofia wizi havina ubunifu wowote, ilhali chupa ya plastiki iliyokatwa ikawa kipimo cha mvua, ikasomwa kila asubuhi na watoto walewale mpaka mwisho wa muhula, inaweza kubeba somo zima la wastani na grafu. Jambo pia halihitaji kuwa jipya duniani. Ikiwa halijawahi kujaribiwa katika shule hiyo, kwa watoto hao, kwa wafadhili wengi hilo linatosha.

Ruzuku za namna hii zimekua sana Marekani, na sababu yake moja ni kodi. Mwaka 1978 wapiga kura wa jimbo la California walipitisha pendekezo namba 13, lililobana kodi ya mali isizidi asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa. Shule za umma zilikuwa zikiitegemea sana kodi hiyo. Watu wa miji mbalimbali wakaanza kuunda mifuko ya elimu ya mahali pao. San Francisco walianzisha wa kwao mwaka 1979, na ruzuku ndogondogo kwa walimu zikawa miongoni mwa kazi zake za mwanzo. Mifuko hiyo isingeweza kuziba pengo la mishahara wala majengo. Fedha kidogo ikimfikia mwalimu mwenye wazo, angalau matokeo yake yanaonekana.

Serikali ya nchi hiyo ilikuwa imeshajaribu kwa kiwango kikubwa zaidi. Sheria ya elimu ya mwaka 1965 ilitenga fedha za miradi ya ubunifu shuleni, na katika miaka ya 1970 watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, wakiongozwa na Paul Berman na Milbrey McLaughlin, wakachunguza miradi 293 iliyofadhiliwa na serikali kuu kuona imeishia wapi. Walichokikuta bado ni somo kwa yeyote anayetoa au kuomba ruzuku. Shule zilizochukua mradi kwa sababu fedha imetangazwa ziliuacha fedha ilipoisha. Iliyoota mizizi ni ile iliyoanza na tatizo ambalo walimu wenyewe walilijua, na hata hiyo haikubaki kama ilivyoandikwa: walimu waliirekebisha ifae darasa lao, na mradi nao ukabadilisha ufundishaji wao. Washauri wa kutoka nje hawakusaidia sana. Kilichosaidia ni walimu kukaa pamoja na kutengeneza zana zao.

Kwa hiyo mfadhili mwenye busara hakasiriki mwalimu akiandika katikati ya muhula kwamba kundi la watoto sita limekuwa kubwa mno na sasa anatumia watoto watatu. Hukasirika, na ana haki, mwalimu akinyamaza.

Kuna fedha nyingine zinazoitwa za ubunifu ambazo mwalimu mmoja hana hata haja ya kuzifungulia fomu. Mfuko wa i3 (Investing in Innovation, yaani kuwekeza katika ubunifu) ulioanzishwa na serikali ya Marekani mwaka 2009 ulianza na dola milioni 650, na waombaji walikuwa wilaya za elimu na mashirika yasiyo ya faida, wenye wahasibu na watathmini wao. Upande wa pili kuna DonorsChoose, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Charles Best, aliyekuwa akifundisha shule ya umma huko Bronx, New York. Humo mwalimu anaandika anachohitaji, watu wa kawaida wanachangia, kisha shirika linanunua vifaa na kuvituma shuleni badala ya kumpa mwalimu fedha mkononi. Ni msaada wa haraka na wa heshima, ila haushindanishi mawazo mbele ya jopo. Ruzuku ya mradi wa mwalimu inakaa katikati ya hivi viwili.

Fedha yenyewe husafirije? Tangazo hutoka likiwa na vigezo na siku ya mwisho. Mwalimu anajaza fomu ya kurasa chache, mwalimu mkuu anatia sahihi, jopo linasoma na kutoa alama, washindi wanatangazwa. Kwa kawaida malipo huingia akaunti ya shule, si mfukoni mwa mwalimu, na kila kinachonunuliwa kinadai stakabadhi. Sahihi ya mwalimu mkuu huonekana kama utaratibu tu, lakini ukweli ni kwamba yeye ndiye anayeweza kukupa vipindi viwili mfululizo kwenye ratiba, au kukunyima. Niko radhi kusema kwamba ruzuku nyingi za aina hii hununua ruhusa kuliko vifaa. Mwalimu aliyekuwa akiambiwa "maliza silabasi kwanza" sasa ana barua yenye muhuri inayosema jaribio lake lina mwenyewe.

Msomaji mzoefu wa maombi ya ruzuku huanza na bajeti, na simlaumu, kwa sababu bajeti haijui kusema uongo vizuri. Maelezo yanazungumzia watoto kuchunguza bwawa, bajeti inataja kompyuta mpakato, printa, na posho ya mratibu. Hapo hakuna mradi, kuna orodha ya manunuzi iliyovishwa nguo. Wafadhili wengi hawalipi mishahara, posho wala chakula cha vikao. Wanapenda kuona kila mstari wa bajeti ukiwa na shughuli yake kwenye maelezo, na usafiri wa kwenda bwawani usisahaulike. Mwalimu mgeni wa mambo haya huomba kamera na kusahau betri.

Mfumo huu nao una kasoro yake, na haifai kuipitia haraka. Ushindani wa maandishi humpa ushindi anayeandika vizuri, ambaye si lazima awe ndiye anayefundisha vizuri. Mwalimu mwenye vipindi vingi na madarasa yaliyofurika hana jioni tatu za kujaza fomu; mwenzake wa shule yenye nafasi anazo. Mifuko ya mahali pamoja huongeza tatizo: mtaa wenye wazazi wenye uwezo unachangisha zaidi, kwa hiyo walimu wake wanapata zaidi, na shule mbili za umma zinazotakiwa kuwa sawa zinaachana. Baadhi ya wafadhili hupunguza kasoro hizi kwa fomu fupi, kwa kumruhusu mwombaji ajieleze kwa sauti, au kwa kutenga sehemu ya fedha kwa shule ambazo hazijawahi kupata.

Wengine wana ruzuku ya pili, ndogo zaidi, kwa ajili ya mwalimu anayeiga. Mpango wa Impact II ulioanza New York mwaka 1979 ulikuwa hivyo: mwalimu aliyebuni alipewa fedha, na mwalimu wa shule nyingine aliyetaka kuuchukua mradi huo na kuurekebisha ufae kwake naye akapewa. Kuiga kukapewa bajeti, jambo ambalo wapenda ubunifu wengi hulionea aibu.

Swali la mwisho huwa ni vifaa. Mwalimu wetu wa biolojia akihamishwa, hadubini nne zinabaki, kwa kuwa ni mali ya shule na zimeandikwa kwenye daftari la vifaa vyake. Kinachoondoka naye ni ule mpangilio wa wiki nane, labda na michoro michache ya maji ya bwawani, isipokuwa kama kabla ya kuhama alimwita mwalimu wa darasa jingine akakaa naye mbele ya lile tone.