"Terrific" haikuanza kama sifa, ilianza kama kitisho

Wengi tunaijua "terrific" ya Kiingereza kama neno la kusifia basi, bosi akisoma ripoti yako akasema terrific unajua umepita. Kwa hiyo watu wanaamini ndo maana yake tangu enzi na enzi, kumbe wapi. Neno limetoka Kilatini na limeunganishwa kutoka kutisha na kufanya, yani kitu kinachokutia hofu. Mshairi Mwingereza John Milton kwenye shairi lake Paradise Lost, mwaka 1667, analitumia kumuelezea nyoka mwenye macho ya shaba na manyoya shingoni, na hayo manyoya ndo anayaita "terrific". Ukisoma pale ukadhani anamsifia nyoka kwa kupendeza, umepotea mapema sana.

Wengine eti vijana wa mitandaoni ndo wameliharibu. Jamani, hili liligeuka kabla babu zetu hawajazaliwa! Kwanza kutisha kukawa ukubwa au ukali wa kupita kiasi, ndo maana hata leo mtu anaweza kukwambia ana "terrific headache", yani kichwa kinamuuma balaa, na hana raha yoyote, halafu kufikia mwishoni mwa karne ya 19 ikawa uzuri wa kupita kiasi. Na sisi tusijifanye tunashangaa, mbona tunasema "huyu dogo ni hatari" na hakuna anayekimbia.

Inayonikera zaidi ni ile ya Ivan the Terrible, yule mtawala wa Urusi wa karne ya 16. Watu wanajua "terrible" ni kitu kibovu, basi wanafikiri Warusi walikuwa wanamwita mtawala wa hovyo. Kirusi ni Grozny, anayetisha, wa kuogopwa. Ukatili alikuwa nao, tena mwingi, ila jina halisemi kwamba kazi ilimshinda. "Terrible" na "terrific" ni ndugu wa shina moja, na zamani "terrible" nayo ilibeba uzito huo huo, ndo maana Biblia ya King James ya 1611, Kumbukumbu la Torati 10:17, inamwita Mungu "terrible" na hapo hakuna tusi, Biblia ya Kiswahili inaongelea kuogofya na tunaelewa bila shida.

Siku hizi ukitaka kusema kitu kinatisha tumia "terrifying", ile maana ya zamani ya "terrific" waachie washairi. Ila ukikutana na "terrific explosion" kwenye gazeti la zamani, huo ni mlipuko mkubwa wa kutisha, mwandishi hakuwa anashangilia.