Ganzi na nusukaputi kwa wanyama: kutulia si sawa na kutoumia

Ng'ombe aliyeshindwa kuzaa anaweza kupasuliwa akiwa amesimama, macho wazi, pengine akiendelea kucheua, huku daktari akimtoa ndama kupitia ubavu wa kushoto. Ng'ombe mwingine anaweza kuwa amelala chini, shingo imelegea, mate yanamtiririka, na bado akasikia uchungu wa kisu. Wa kwanza amepigwa ganzi. Wa pili amepewa dawa ya kumtuliza tu. Tofauti hiyo hupotea tunapoziita dawa zote hizo kwa jina moja la "dawa ya usingizi", na anayeumia kwa uzembe huo ni mnyama.

Maumivu huanza pale mwili unapokatwa, kuungua au kubanwa. Ncha za mishipa ya fahamu zilizo mahali hapo hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na kutoka huko taarifa hupanda hadi kwenye ubongo, ambako mnyama hutambua kwamba anaumwa. Njia hii kwa mbuzi, mbwa au punda haitofautiani sana na ya binadamu, ndiyo maana dawa nyingi za hospitali zetu zinafanya kazi kwao pia. Mwaka 2020 Chama cha Kimataifa cha Uchunguzi wa Maumivu (IASP) kilipoandika upya maana ya maumivu, kilieleza wazi kwamba kushindwa kujieleza hakufuti uwezekano kwamba binadamu au mnyama anaumia.

Nusukaputi ni kuuzima ubongo kwa muda. Ikifanywa sawasawa humpa mnyama mambo matatu kwa pamoja: hajitambui, misuli yake inalegea, na maumivu hayamfikii. Hakuna dawa moja inayotimiza yote matatu vizuri, kwa hiyo madaktari huchanganya. Ketamini, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1962, humtenga mnyama na yanayompata na huzuia vizuri maumivu ya ngozi na misuli, lakini misuli hubaki imekakamaa na macho hubaki wazi. Ndiyo maana huambatanishwa na dawa za kutuliza na kulegeza misuli, kama zailazini au diazepamu.

Dawa za kutuliza ni jambo jingine. Asepromazini humfanya mbwa au farasi awe mpole, lakini haiondoi maumivu hata kidogo. Zailazini, ambayo ndiyo iliyozoeleka zaidi kwa ng'ombe wetu, hupunguza maumivu kwa kiasi na kwa muda mfupi, lakini haitoshi kukatia ngozi. Ng'ombe aliyeonekana hana habari anaweza kurusha teke ghafla kisu kinapogusa. Mbaya kuliko zote ni dawa za kupooza misuli. Kuna wakati farasi waliangushwa kwa suksametoniamu ili wahasiwe: mwili hausogei, lakini farasi anaona, anasikia na anaumwa kila hatua. Kamba na wanaume watano wanaomkandamiza fahali ni jamii ya mambo hayo hayo. Zinamlinda anayekata. Anayekatwa hazimsaidii kitu.

Kwa mfugaji wa kawaida, dawa yenye thamani kubwa kuliko zote hapa ni lignokaini, dawa ya ganzi. Ni ya bei nafuu, haihitaji mashine, na huanza kazi ndani ya dakika chache. Huzuia mshipa wa fahamu usipitishe taarifa, na athari yake hukaa kwa saa moja hadi mbili. Kwa upasuaji wa uzazi, daktari huichoma pembeni mwa uti wa mgongo inakotokea mishipa ya ubavu, au huizungusha kwenye ubavu kwa umbo la herufi L iliyopinduliwa, juu na mbele ya mahali atakapokata. Upande wa kushoto huchaguliwa kwa sababu tumbo kubwa la ng'ombe liko huko, nalo huzuia utumbo usimwagike nje.

Ipo pia sindano ya mkiani. Daktari hushika mkia akaupandisha na kuushusha, huku kidole chake kikitafuta kiungo cha kwanza kinachocheza, kisha hupitisha sindano hapo. Mililita tano hivi za lignokaini ya asilimia 2 zinatosha kuutia ganzi mkia, njia ya haja kubwa na uke wa ng'ombe mzima, naye akabaki amesimama kwa miguu yake minne. Kizazi kilichotoka nje hurudishwa kwa njia hii, kwa sababu ng'ombe huacha kusukuma. Lakini kipimo kikizidi, dawa hupanda mgongoni, miguu ya nyuma hulegea, na ng'ombe huanguka.

Kwa mbuzi hesabu inabana zaidi. Watu wengi huunguza vichipukizi vya pembe vya mwanambuzi bila ganzi kabisa, kwa hoja kwamba ni jambo la sekunde chache. Ninaipinga hoja hiyo kwa moyo wote: chuma cha moto kwenye fuvu jembamba la mtoto wa wiki moja ni maumivu makali, na hayaishi chuma kinapoondolewa. Hata hivyo, anayetaka kupiga ganzi lazima ajue mambo mawili. Pembe ya mbuzi inahudumiwa na mishipa miwili ya fahamu, wakati ya ndama kwa kawaida hutosha kuzuia mmoja. Na mwanambuzi huzidiwa na lignokaini upesi. Kiasi salama kinachofuatwa na wengi ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Lignokaini ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita, kwa hiyo mwanambuzi wa kilo 4 asipewe zaidi ya mililita moja kwa kichwa kizima, sehemu zote nne. Madaktari huichanganya na maji safi ya sindano ili itoshe kugawanywa. Anayekisia kwa macho anaweza kumtia degedege au kumuua.

Kwa nini basi ng'ombe hawalazwi kwa nusukaputi kama mbwa? Wanaweza kulazwa, ila wameumbwa vibaya kwa kazi hiyo. Tumbo lao huendelea kuchachusha majani na kutoa gesi hata wakiwa hawajitambui, na akilala ubavu hawezi kuicheua gesi hiyo ikatoka. Tumbo huvimba na kukandamiza mapafu. Ng'ombe mkubwa hutoa zaidi ya lita 100 za mate kwa siku, na asipoyameza yanaweza kuingia kwenye mapafu pamoja na majani yaliyorudi kooni. Kwa hiyo mnyama hunyimwa chakula kabla ya siku ya upasuaji, na akilala koo huinuliwa na mdomo ukaelekezwa chini ili kila kitu kimwagike nje.

Aina ya mnyama hubadilisha kila kitu. Ng'ombe huhitaji takriban sehemu moja ya kumi tu ya kipimo cha zailazini anachopewa farasi wa uzito huo huo. Aliyezoea farasi akimhudumia ng'ombe kwa mkono ule ule atamlaza asiamke. Kwa ng'ombe mwenye mimba kubwa, zailazini huweza kusababisha mimba kuharibika. Farasi naye ana hatari yake: utafiti mkubwa wa nchi kadhaa uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha karibu farasi mmoja kati ya mia, ukiwaacha waliopasuliwa kwa msokoto wa tumbo, hufa kutokana na nusukaputi, wakati kwa mbwa utafiti wa Uingereza wa mwaka 2008 ulikuta chini ya wawili kati ya elfu.

Hesabu hizo za hatari zilifanywa mbele ya macho ya dunia pale kwenye hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya. Tarehe 22 Agosti 2019, Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani, walilazwa kwa nusukaputi ili mayai yavunwe. Sindano ndefu iliyoongozwa na mashine ya picha za mawimbi ya sauti ilipitishwa kwenye ukuta wa utumbo wa nyuma hadi kwenye ovari, zaidi ya mita moja ndani ya mwili, karibu na mishipa mikubwa ya damu. Hapo kifaru asingeweza kuachwa asogee hata kidogo. Vifaru kwa kawaida hulazwa kwa etofini, dawa kali kuliko mofini zaidi ya mara elfu: miligramu chache tu humwangusha mnyama wa tani moja na nusu, lakini pia hupunguza sana upumuaji wake, na tone likimwingia binadamu linaweza kumuua. Hupewa dawa ya kuizimua, akaamka ndani ya dakika chache. Oktoba 2021 wataalamu waliamua Najin asivunwe mayai tena, baada ya kupima umri na afya yake dhidi ya faida iliyobaki. Naona huo ulikuwa uamuzi wa heshima.

Ganzi ikiisha, kidonda bado kipo. Hapo ndipo huduma nyingi hukatika: ndama amehasiwa kwa koleo, amesimama mwenyewe, watu wameondoka. Meloksikamu ni dawa ya uvimbe na maumivu inayomsaidia ng'ombe kwa zaidi ya siku moja kwa sindano moja, na inafaa zaidi ikitolewa kabla ya kukata, kwa sababu mishipa ya fahamu iliyokwisha kuchokozwa huwa na hasira zaidi na ni vigumu kuituliza.

Usichukue dawa za nyumbani ukamgawia mnyama. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo. Damu yake hushindwa kubeba oksijeni. Ibuprofeni huwapa mbwa vidonda vya tumbo na kuua figo. Na diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, iliyotumika kwa ng'ombe huko India, Pakistan na Nepal iliwaua tai waliokula mizoga hadi karibu waishe. Nchi hizo zilianza kuipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006, na meloksikamu ikachukua nafasi yake kwa sababu haiwadhuru tai.

Anayeumwa utamjua kwa tabia zilizobadilika. Ng'ombe huacha kucheua, hupinda mgongo, husaga meno na kulaza masikio. Mbuzi hujitenga. Punda ndiye mgumu kusomeka: huvumilia sana, na akianza kuonyesha wazi, huwa ameumia kwa muda mrefu. Daktari wa mifugo anapofika kwako, muulize ipi kati ya dawa alizobeba inaondoa maumivu, itaisha saa ngapi, utampa nini ikiisha, na utasubiri siku ngapi kabla ya kunywa maziwa yake au kumchinja.