"Dawa ya majaribio" si kila sindano mpya

Dawa ya majaribio ni dawa wanayopewa watu ndani ya utafiti wenye kibali, kwa utaratibu ulioandikwa kabla, ili ijulikane kama inafaa na inadhuru kiasi gani. Maana yenyewe ni hiyo tu. Lakini kuanzia Mwanjelwa, Mbeya, hadi Iringa mjini, mtu akirefushwa mguu uliobaki mfupi baada ya ajali ya bodaboda, sindano yoyote ambayo majirani hawaijui huitwa "dawa ya majaribio ya kuharakisha mfupa".

Jaribu ni neno la Kiarabu, jarraba, na ndugu yake ni tajriba, yaani uzoefu. Kiswahili kikalizalia majina mawili: majaribio na majaribu. Anayesali "usitutie majaribuni" haogopi maabara. Majaribu humpata mtu bila mpango. Majaribio yana daftari. Kuna anayepima, anayelinganisha waliopewa na wasiopewa, anayeandika kwamba fulani alitapika siku ya tatu. Watu wa Mbeya wana kila sababu ya kulijua hili, maana kituo cha hapo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kimefanya majaribio ya chanjo ya VVU na ya dawa za kifua kikuu. Mshiriki husaini fomu ya ridhaa, ana haki ya kujitoa siku yoyote, na dawa hainunui. Utafiti wa namna hiyo hupita NIMR kwa upande wa maadili na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa upande wa dawa. Sasa sindano uliyouziwa kwa kunong'onezwa "hebu ijaribu" ina daftari gani? Ukipona, hakuna atakayejua kama ni sindano au ni siku tu zilizopita.

Na hilo neno "kuharakisha" nalo lina tatizo. Mbinu hii ya kurefusha mguu ilianzishwa na daktari Gavriil Ilizarov huko Kurgan, Siberia, miaka ya 1950. Mfupa hukatwa, husubiriwa siku 5 hadi 7, halafu vyuma vilivyofungwa mguuni kwa nje huvutwa milimita 1 kwa siku. Milimita hiyo hugawanywa mara nne: nati inazungushwa robo kwa spana namba 10, ile ile ya fundi pikipiki, saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Ukivuta haraka mno, mishipa ya fahamu inaumia na pengo linajaa nyama ngumu badala ya mfupa. Ukivuta polepole mno, mfupa unaunga kabla ya urefu kufika, na mgonjwa anarudi chumba cha upasuaji kukatwa upya. Kwa hiyo dawa ya kukomaza mfupa ikitolewa wakati bado unavutwa inaweza kuleta hasara hiyo hiyo. Kinachochosha watu ni kipindi cha baadaye, cha mfupa mpya kukomaa, ambacho huchukua takribani mara mbili ya siku za kuvuta. Sentimita 5 ni siku 50 za kuvuta na kama 100 za kungoja, na vyuma havitoki mpaka picha mbili za eksirei, ya mbele na ya ubavu, zionyeshe kuta tatu za mfupa kati ya nne zimeunga. Hapo ndipo watafiti wanapotafuta dawa.

Inayotajwa sana ni teriparatidi, mikrogramu 20 chini ya ngozi kila siku, kalamu ikikaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8. Marekani iliidhinishwa mwaka 2002 kwa ugonjwa wa mifupa kudhoofika. Daktari bingwa akimpa mtu mzima aliyerefushwa mguu, anaitumia nje ya kibali chake, yaani kwa kazi ambayo haikuidhinishiwa. Ni uamuzi wa kitabibu unaoruhusiwa katika nchi nyingi, na daktari ndiye anayeubeba. Kwa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua haishauriwi, na miongoni mwa wanaorefushwa miguu wamo watoto.

Tofauti kabisa ni vichupa vya BPC-157, kemikali inayosifiwa kuponya majeraha, vinavyouzwa mtandaoni vikiwa na maandishi "kwa utafiti tu". Wengi huyasoma kana kwamba dawa inafanyiwa utafiti na wao wamewahi foleni. Maandishi hayo yanasema kitu kingine: haikutengenezwa kwa ajili ya kuchomwa binadamu, na muuzaji amejivua lawama. Wanariadha wamekatazwa kuitumia tangu 2022, na sababu mojawapo ni kwamba haijaidhinishwa popote kutibu watu.

Basi kijana mwenye vyuma akichomwa teriparatidi kliniki, tuseme anatumia dawa iliyoidhinishwa, nje ya kibali chake. Ni maneno marefu kidogo kwa mazungumzo ya ndani ya daladala, lakini ndiyo yenyewe. Mwenye kichupa cha mtandaoni anatumia dawa isiyoidhinishwa. Neno majaribio tumwachie yule aliyesaini fomu.