Zirkoni na umri wa miamba geu: yanayodhaniwa na yalivyo kweli

Zirkoni ni madini yaliyoundwa na zirkoniamu, silikoni na oksijeni, na punje zake ndani ya mwamba mara nyingi hazifiki hata nusu milimita. Fuwele yake inapokua huingiza urani kidogo katika muundo wake lakini huikataa karibu risasi yote, kwa hiyo risasi inayokutwa humo baadaye huwa, kwa sehemu kubwa, ni zao la urani iliyogeuka. Nusu ya urani-238 hugeuka kuwa risasi-206 kwa miaka bilioni 4.47, na nusu ya urani-235 hugeuka kuwa risasi-207 kwa miaka milioni 704; punje moja basi ina saa mbili zinazoweza kulinganishwa. (Zirkoni isichanganywe na mawe ya pete yanayotengenezwa viwandani kwa oksidi ya zirkoniamu, wala njia hii ya kupima umri kwa urani na risasi isichanganywe na ile ya kaboni-14, ambayo haivuki miaka 50,000 hivi.)

Dhana: umri wa zirkoni ndio umri wa mwamba.

Hili ndilo kosa linalozaa mengine. Mwamba geu hauna umri mmoja. Kuna wakati mwamba wa awali ulipoganda kutoka magma, au mchanga wake ulipotuama, na kuna wakati, pengine zaidi ya mmoja, ambapo joto na mgandamizo viliubadili. Zirkoni yaweza kuhifadhi nyakati hizo zote katika punje moja.

Mfano mzuri ni Mkanda wa Msumbiji, jina lililotolewa na Arthur Holmes mwaka 1951 kwa ukanda wa miamba geu unaopita Kenya na Tanzania hadi Msumbiji. Mwaka 2001 Sospeter Muhongo, ambaye wengi wanamfahamu zaidi kama waziri wa zamani wa Nishati na Madini, alichapisha pamoja na wenzake umri wa zirkoni za granuliti (miamba geu iliyobadilishwa kwa joto kali sana) za Tanzania, na kilele cha mabadiliko yake kikaonekana kuwa takriban miaka milioni 640 iliyopita. Hata hivyo, upande wa magharibi wa mkanda huo, karibu na kratoni ya Tanzania (kipande kikongwe na tulivu cha bara), zipo naisi, yaani miamba geu yenye mistari, zilizopitia mabadiliko ya kipindi hichohicho huku viini vya zirkoni zake vikiwa na umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Anayeuliza naisi hizo zina umri gani hana budi kusema kwanza ni umri wa tukio lipi.

Punje ya aina hiyo, ikishagandishwa ndani ya resini na kusagwa hadi katikati, haina la ajabu chini ya hadubini ya kawaida. Ikipigwa miale ya elektroni ndipo inapong'aa na kuonyesha kiini chenye mistari myembamba iliyopangana, ambayo ni alama ya kukua ndani ya magma. Mistari hiyo hukatika ghafla pale kiini kilipoyeyuka kidogo, na juu ya mkato huo hukaa ganda la kijivu lisilo na mistari, lililokua wakati wa mabadiliko. Mashine ya mwali wa ioni, ambayo timu ya William Compston iliiunda huko Canberra, hupima umri wa sehemu moja ya punje kwa kutoboa kishimo chenye upana wa maikromita (elfu za milimita) 20 hadi 30 hivi. Ganda likiwa jembamba kuliko kishimo, mwali hugusa ganda na kiini kwa pamoja na kutoa, tuseme, miaka milioni 1,500, namba isiyohusiana na tukio lolote lililowahi kutokea. Hapo ndipo saa mbili zinapofaa, kwa sababu katika mchanganyiko wa namna hiyo hazikubaliani, na mchoro aliouanzisha George Wetherill mwaka 1956 huonyesha kutokubaliana huko waziwazi.

Dhana: zirkoni kongwe maana yake ni mwamba kongwe.

Punje ya Jack Hills, Australia Magharibi, iliyotangazwa mwaka 2001, ina umri wa takriban miaka bilioni 4.4, lakini ilikutwa ndani ya kongomerati (mwamba wa kokoto zilizoshikamana) iliyotuama takriban miaka bilioni 3 iliyopita na kisha kubadilishwa na joto.

Dhana: ganda hukua joto linapofika kilele.

Mara nyingi ni kinyume. Mwamba unapoanza kuyeyuka, ujiuji wake huyeyusha zirkoni kadiri joto linavyopanda. Ukipoa hauwezi tena kuishika zirkoniamu yote, nayo hujijenga upya juu ya viini vilivyosalia. Umri wa ganda la namna hiyo ni wa kupoa. Katika mwamba usioyeyuka, zirkoniamu hutoka kwa madini mengine yanayovunjika, kama ganeti na ilmenaiti. Kwa sababu hiyo watafiti makini hupima pia kiasi cha titani ndani ya zirkoni, ambacho hukadiria joto la ukuaji, na elementi nzito za kundi la metali adimu (rare earths), ambazo huwa chache pale ganeti iliyokuwa ikikua wakati uleule ilipozichukua.

Dhana: joto kali hufuta kumbukumbu yote.

Risasi husafiri polepole mno ndani ya zirkoni isiyo na kasoro, hata kwenye nyuzi 900 za selsiasi, na ndiyo maana viini vya zamani hunusurika ndani ya granuliti. Kinachoiharibu zaidi ni mnunurisho wa urani yake yenyewe: fuwele hupoteza mpangilio, maji hupenya, na risasi hutoka hata katika joto la chini. Tangu mwaka 2005 maabara nyingi hutumia njia ya James Mattinson ya kupasha punje moto, kisha kuondoa kwa asidi sehemu zilizoharibika kabla ya kupima.

Dhana: thoriamu kidogo huthibitisha kwamba zirkoni ilikua wakati wa mabadiliko.

Uwiano wa thoriamu kwa urani ulio chini ya 0.1 ni dokezo zuri, na hutumika sana, kupita kiasi kwa maoni yangu. Monazaiti, madini mengine, ikikua karibu huichukua thoriamu, nayo zirkoni hubaki na kidogo. Isipokuwapo, ganda la mabadiliko laweza kuwa na uwiano sawa na wa zirkoni ya graniti. Umbo linaloonekana kwenye picha ya miale ya elektroni lina uzito zaidi kuliko uwiano huo.