Katibu mkuu wa wizara Uingereza hana kura ya turufu

Wengi huamini kwamba Uingereza huendeshwa na makatibu wakuu wa wizara, na kwamba mawaziri, ambao kweli hubadilishwa ovyo, kazi yao ni kutia saini tu. Sivyo. Mwenye uamuzi ni waziri.

Katibu mkuu ndiye afisa masuuli: hujibu mbele ya Bunge kuhusu matumizi ya wizara. Akiona mpango hauna thamani ya fedha, hawezi kuuzuia. Humwomba waziri agizo la maandishi. Waziri akilitoa, kazi inaendelea na dhamana inamhamia yeye. Nakala humfikia mkaguzi mkuu wa hesabu, na kwa kawaida barua hizo huchapishwa, jambo ambalo mawaziri hawalipendi sana.

Aprili 2022, Matthew Rycroft, aliyekuwa katibu mkuu wa Wizara ya Mambo ya Ndani, alimwandikia waziri wake, Priti Patel, kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha kuwa kupeleka waomba hifadhi Rwanda kungewazuia wengine kuvuka bahari, kiasi cha kuhalalisha gharama. Patel akaagiza mpango uendelee, na ukaendelea. Waliokuja kuuangusha ni majaji wa Mahakama ya Juu, Novemba 2023, kisha serikali mpya ya 2024 iliyoufuta.