Urasimishaji: safari ya mchuuzi na kibarua kuingia uchumi rasmi

Urasimishaji ni hatua za kuifanya kazi au biashara iliyokuwa nje ya kumbukumbu za serikali itambuliwe na sheria, ili mwenyewe apate haki na abebe wajibu. Hapa Mombasa, habari hii inapozungumzwa, husikika zaidi upande wa wajibu: leseni, PIN (namba ya mlipa kodi), kodi, askari wa kaunti. Ndiyo maana mchuuzi akiambiwa arasimishe biashara yake, anachosikia ni kwamba ameitwa kulipa. Haki zikikosekana, hapo hakuna kurasimisha. Kuna kukusanya pesa tu.

Tukianza na wanaozungumziwa, hawa si watu wachache wa pembeni. Takwimu za KNBS, shirika la taifa la takwimu, zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba, ukiacha kilimo kidogo, zaidi ya ajira 8 katika kila 10 nchini Kenya ziko katika sekta isiyo rasmi. Kwa Mombasa maana yake ni mama wa viazi karai, muuza madafu wa Mama Ngina, mama karanga (muuza samaki wa kukaanga) anayengoja samaki bandari ndogo, hamali wa mkokoteni soko la Kongowea, kijana anayeendesha tuktuk ya mtu kwa hesabu ya kila siku, msusi, fundi cherehani, na dada anayefua na kupika katika nyumba za Nyali. Wote wanafanya kazi, na wengi wao wanafanya saa nyingi kuliko mwenye ajira ya ofisini.

Jambo hilo lilisemwa kitambo, na Kenya ina nafasi yake katika historia hiyo. Mwanaanthropolojia Keith Hart alilieleza mapema miaka ya 1970 baada ya kuwachunguza watu wa vitongoji vya Accra, Ghana. Kisha mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, uliotumwa Kenya ukaandika kwamba tatizo kubwa la hapa si watu kukaa bure. Watu wanajituma, ila kazi yao haiwapi kipato cha kutosha wala haina ulinzi. Tangu hapo dunia nzima ikaanza kuzungumza juu ya sekta isiyo rasmi, na huku kwetu jina likawa jua kali.

Sasa mtazame mama wa viazi karai kwa karibu. Alfajiri viazi vimeshachemshwa na kumenywa, unga umekorogwa na bizari, na ukwaju umelowekwa. Viazi na pilipili amechukua Kongowea, mafuta duka la jumla. Ikifika saa kumi jioni karai linachemka. Tuseme siku njema anauza shilingi 2,000, na kwa mwezi anafanya kazi siku 25. Kwa mwaka mauzo yake ni shilingi 600,000. Kodi ya mauzo kwa biashara ndogo, ile iitwayo TOT, huanzia mauzo ya shilingi milioni 1 kwa mwaka na kuishia milioni 25. Kwa hiyo mama huyu hayumo, na anayemtisha kwamba akijisajili tu atakatwa asilimia 3 ya mauzo anampotosha.

Wala si kweli kwamba kwa sasa halipi kitu. Mafuta ya kupikia anayonunua yana VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ndani ya bei. Akituma pesa kwa simu, ada yake imetozwa ushuru. Akiuza ndani ya soko, mtoza ushuru wa kaunti humpitia. Juu ya hapo kuna kodi ya pango la kibanda, na kuna riba ya anayemkopesha pale mtaji unapokatika. Analipa sana. Anachokosa ni kitu cha kurudishiwa kwa malipo hayo: sehemu ya kuuzia ambayo hataondolewa kesho, mahali pa kushtaki sufuria yake ikichukuliwa, mkopo usiomnyonya, na matibabu siku mafuta yatakapommwagikia.

Ukiuliza karatasi gani ndiyo urasimishaji, utajibiwa tofauti kila ofisi. Usajili wa jina la biashara hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Leseni ya biashara hutolewa na kaunti. Anayeshika chakula anahitaji cheti cha afya, ambacho hupatikana baada ya kupimwa na huhuishwa kila miezi sita. PIN ni ya KRA, mamlaka ya kodi. Mtu anaweza kuwa na mbili na akakosa mbili, na bado akawa na urasmi wa kiasi fulani. Hata Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Sana ya mwaka 2012 inakubali kwamba watu hawalingani: biashara yenye wafanyakazi chini ya 10 na mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka imewekwa daraja lake, na ile ya hadi wafanyakazi 50 na mauzo ya hadi milioni 5 daraja jingine. Kumdai muuza kachiri yote anayodaiwa mwenye kiwanda ni kumfukuza.

Manufaa ya kurasimisha yanaonekana vizuri zaidi kwa mtu wa mabuyu. Akipika mabuyu nyumbani, akayatia rangi na sukari na kuyafunga pakiti za shilingi 10, duka la mtaani litayachukua bila kuuliza chochote. Siku akitaka kuyapeleka supamaketi au duka la zawadi hotelini, maswali yanaanza. Wataulizia alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango. Wataulizia PIN. Halafu watadai ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na hapa pana sababu ambayo wengi hawaijui: tangu Januari 2024, matumizi ya biashara yasiyo na ankara ya mfumo huo hayakubaliwi kupunguzwa katika hesabu ya kodi ya mnunuzi. Hoteli ikinunua mabuyu bila ankara, gharama hiyo inahesabiwa kana kwamba ni faida, na hoteli inatozwa kodi juu yake. Kwa hiyo meneja wa manunuzi hamkatai muuzaji mdogo kwa kiburi, anakwepa hasara. Baadaye sheria ililegezwa kidogo, mnunuzi akaruhusiwa kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Ukimwendea mnunuzi ukiwa unaijua kanuni hiyo, unaweza kuokoa biashara iliyokuwa inakuponyoka.

Mlango wa pili ni zabuni za serikali. Sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama wapishi wa Likoni kinaweza kupikia semina ya kaunti, lakini hakiwezi kuomba bila usajili na cheti cha kodi. Mapishi yao yanaweza kuwashinda wote, na bado jina lao lisifike mezani.

Kuhusu kodi yenyewe, nina neno. TOT ya asilimia 3 hutozwa juu ya mauzo, haitazami faida. Kwa msusi ambaye malighafi yake ni vidole vyake, inavumilika. Kwa mwenye duka la sukari na unga anayepata faida ya shilingi 5 katika kila 100 anazouza, asilimia 3 inameza zaidi ya nusu ya faida. Huyo anaruhusiwa kuiandikia KRA aondolewe katika TOT na atozwe kodi ya kawaida ya mapato, inayotazama faida, ila lazima atunze hesabu. Wangapi wameambiwa hivyo? Ukimsajili mtu usimweleze jambo hilo, umemtia hasara kwa mkono wako.

Kuna waliodhani tatizo lote ni urasimu wa kujisajili. Mwanauchumi Hernando de Soto wa Peru aliwatuma watu wake wajaribu kusajili kikarakana cha ushonaji mjini Lima kwa kufuata kila kanuni, na ikawachukua siku 289. Mawazo yake yaliiathiri Tanzania, ambako mpango wa MKURABITA ulianzishwa mwaka 2004 kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge. Mwishoni mwa 2018 wamachinga wa huko wakaanza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000 za Tanzania. Uzuri wake ni kwamba malipo yalikuwa ya mara moja kwa mwaka na kila mtu aliyajua. Hata hivyo mwaka 2021, walipohamishwa kutoka kando ya barabara, kitambulisho hakikumpa mtu haki ya kubaki alipokuwa. Mchuuzi hula kwa mahali alipo. Mpango usiogusa suala la eneo la kufanyia kazi haujafika kwenye kiini, na hilo ni kweli Mwembe Tayari hapa Mombasa kama lilivyo kweli Kariakoo, Dar es Salaam.

Upande unaosahaulika kabisa ni wa wafanyakazi. Mwaka 2015 ILO ilipitisha Pendekezo namba 204 kuhusu kutoka uchumi usio rasmi kwenda ule rasmi, na mojawapo ya malengo yake matatu ni kuzuia kazi zilizokwisha kuwa rasmi zisigeuzwe kuwa zisizo rasmi. Lengo hilo ningetamani lizungumzwe kila siku katika mji wa bandari kama huu. Simama asubuhi mapema mbele ya lango la godauni Shimanzi au Changamwe. Vijana wamejipanga, nyapara anachagua kwa kidole. Waliochaguliwa watabeba magunia kutwa, jioni watalipwa mkononi, na kesho watarudi langoni upya. Kampuni yenye godauni inaweza kuwa na kila leseni. Aliye nje ya urasmi ni kibarua, ilhali yuko ndani ya ua.

Sheria haikumwacha mtu huyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi mmoja ahesabiwe kuwa ameajiriwa kwa mwezi, astahili notisi na haki nyingine za mwajiriwa. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi unatakiwa uandikwe. Mwajiriwa aliyetimiza mwaka ana likizo ya siku 21 yenye malipo. Hila inayotumika ni kumpumzisha kibarua siku chache kabla mwezi haujaisha ili hesabu ianze upya, au kumpitisha kwa wakala ili asijulikane mwajiri ni nani. Kibarua afanyeje? Aweke kumbukumbu: tarehe alizofanya kazi, jina la nyapara, ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Mbele ya afisa wa kazi au mahakama ya ajira, daftari la namna hiyo lina uzito, kwa sababu mara nyingi mwajiri hana kumbukumbu zozote za kulipinga.

Kwa hifadhi ya jamii, mifumo ya michango ilijengwa ikimfikiria mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi. Katika NSSF, mfuko wa taifa wa pensheni, mwajiriwa huchanga asilimia 6 na mwajiri wake asilimia 6. Aliyejiajiri hana wa kumwongezea nusu hiyo, na mpango wa Haba Haba unampa nafasi ya kuweka hata shilingi 25 kwa siku. Huo ni utaratibu unaofanana na maisha yake. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hudai asilimia 2.75 ya kipato cha kaya, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hutakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Shilingi 3,600 kwa mkupuo ni mtaji wa siku mbili tatu wa muuza mboga. Akiitoa yote, kesho hana cha kuweka mezani. Kumlaumu kwamba hajali afya yake ni kutomtendea haki.

Njia inayobeba watu wengi bila kuwaumiza ni ya vikundi. Wachongaji wa vinyago wa Akamba kule Changamwe wamekuwa ndani ya chama cha ushirika tangu miaka ya 1960: mmoja mmoja anachonga, jina linalouza ni la wote. Wavuvi wana vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU. Waendeshaji wa tuktuk na boda boda wana Sacco, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo. Chama cha akina mama cha merigoraundi (cha kuchangiana kwa zamu), kikisajiliwa kama kikundi cha jamii, kinaweza kufungua akaunti benki na kukopa kwa jina lake. Gharama ya uhasibu inagawanywa, na askari wa kaunti akija anakuta watu walioungana.

Anayetaka kuanza peke yake Mombasa, ningemshauri aanze na vile vinavyomkinga kabla ya vile vinavyomdai: cheti cha afya kama anauza chakula, leseni ya kaunti, Haba Haba, kisha namba ya till ya kupokea malipo kwa simu, kwa kuwa rekodi ya mauzo ya simu ndiyo hesabu ya kwanza ambayo mkopeshaji ataitazama. Jina la biashara lifuate akipata mteja anayelihitaji. PIN ikishatoka, Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, watamsaidia kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato kwa KRA. Iwasilishwe kila mwaka kufikia tarehe 30 Juni, hata kama hakuna kodi ya kulipa, maana faini ya mtu binafsi anayechelewa ni angalau shilingi 2,000 na wengi huijua wakati imeshalimbikizana ya miaka kadhaa.